Kasha, Kitanda na Kiti cha Enzi: Samani za Mirathi na Mafundi wa Pwani

Fundi seremala mzoefu akiletewa kasha la kale haanzi kulitazama usoni. Hulipindua. Upande wa chini haukupakwa vanishi wala kusuguliwa, na ndipo umri wa kitu unapojieleza: alama za msumeno wa mkono, misumari ya chuma iliyoongezwa baadaye, kipande cha ubao wa mwembe kilichozibia palipoliwa, matundu ya miguu iliyowahi kuwapo ikaondolewa. Kasha moja laweza kuonyesha kazi ya mafundi watatu au wanne waliopishana kwa miaka mia na zaidi. Watu wengi hudhani kuwa kitu cha kale cha thamani ni kile ambacho hakijaguswa. Kwa samani za pwani ya Afrika Mashariki mambo ni kinyume. Zilizobaki zimebaki kwa sababu ziliguswa, tena mara nyingi, na watu waliojua wanachokifanya.

Mbao za samani hizo nyingi hazikuota hapa. Msaji ulikatwa katika misitu ya Malabar na Burma, ukapasuliwa na kuungwa Bombay, Surat na bandari nyingine za magharibi mwa India, kisha ukavushwa kwa pepo za kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kusi ilipoanza kuvuma, vyombo viligeuza na kurudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu na, katika karne ya 19, karafuu za Unguja na Pemba. Kasha lilikuwa bidhaa, na wakati huohuo lilikuwa chombo cha kubebea bidhaa. Nahodha alikuwa na lake, na mabaharia walikuwa na yao. Alan Villiers, mwanabahari wa Australia aliyepanda jahazi la Kuwait huko Aden mwaka 1938 na kufika nalo Zanzibar na delta ya Rufiji, alikuta desturi hiyo bado hai: kila baharia na sanduku lake, na ndani yake vitu vidogovidogo vya kuuza kila bandari.

Uchaguzi wa msaji na shaba haukuwa wa urembo peke yake. Msaji una mafuta yake ya asili, na mchwa huuogopa. Ukilowa na kukauka haupindi kama mbao nyingine. Shaba ya njano nayo haili kutu kama chuma katika hewa ya chumvi. Hugeuka kijani kwa juu na kuishia hapo. Kwa hiyo kasha lililopigwa misumari ya shaba mamia kwa mamia, likazungushiwa mabamba ya shaba yaliyokatwa kama darizi, likawekewa droo mbili au tatu chini na kijisanduku kidogo ndani upande wa kushoto au kulia, lilikuwa limejengwa ili lidumu katika tabianchi inayokula karibu kila kitu. Mengine yana mahali pa siri nyuma ya droo. Bibi harusi alihamia kwa mumewe nalo likiwa na kanga, dhahabu, udi na hati zake, na ufunguo ukabaki kwake.

Ndani ya nyumba za mawe kasha lilikaa pamoja na kitanda. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameacha picha nzuri ya vyumba hivyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, miaka 20 baada ya kuikimbia Zanzibar. Ameeleza kuta zenye zidaka zilizojaa sahani na bilauri, na vitanda vikubwa vya Kihindi vilivyochongwa, virefu kutoka sakafuni kiasi kwamba mtu alipanda kwa kukanyaga kiti au kwa kushikwa mkono. Uvungu wake ulitosha mtu kulala, na waliolala huko walikuwa yaya na wahudumu. Lazima hili lisemwe wazi. Uzuri wa nyumba zile ulibebwa na kazi ya watumwa, kuanzia mashamba ya karafuu yaliyolipia msaji hadi mikono iliyoifuta shaba kila asubuhi. Anayekihuisha leo kitanda kama hicho, samadari, anahuisha na hilo pia.

Upande wa kaskazini, katika funguvisiwa la Lamu, kulikuwa na samani nyingine ambayo naiona kuwa kilele cha useremala wa Waswahili. Kiti cha enzi ni kiti cha mpingo, au mbao nyingine iliyotiwa weusi, chenye mgongo mrefu ulionyooka, mikono mipana na ubao wa kuwekea miguu. Mgongo na mahali pa kukalia husukwa kwa nyuzi nyembamba, na mbao hutiwa njumu za pembe au mfupa zilizokatwa katika nyota, miraba na maua. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika kwa kazi hizo kama walivyosifika kwa viatu vya ngozi na kwa kunakili misahafu. Hakikuwa kiti cha kupumzikia. Alikikalia mtawala, mzee wa mji, mgeni wa heshima na bwana harusi, na mgongo ule ulionyooka ulimlazimisha kukaa kama mwenye cheo. James de Vere Allen, msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1989 makala ndefu kuhusu viti hivi katika jarida la African Arts. Wasomi wamebishana iwapo asili yake ni Misri, Ureno au India. Kwangu mimi jibu lina uzito mdogo kuliko ukweli wa karakana: mpingo ni mti wa nchi kavu yetu wenyewe, mzito hata huzama majini, mgumu hata hugeuza makali ya patasi, na mtu wa Siyu aliutoboa mamia ya vijishimo vya njumu kwa vifaa vya mkono bila kuupasua.

Samani kama hizo zilipitaje kutoka kizazi hadi kizazi? Sheria ya mirathi ya Kiislamu hugawa mali kwa mafungu, na kitanda hakigawanyiki. Mara nyingi mrithi mmoja alikichukua kwa thamani yake na kuwafidia wenzake, au kikauzwa na fedha zikagawanywa. Kila mgawo ulikuwa ni safari: kitanda kilifunguliwa vipande, kikabebwa ngazini na vichochoroni, kikaungwa upya katika chumba chenye kimo kingine. Hapo ndipo fundi alipoingia. Miguu ilikatwa ikafupishwa. Nguzo za chandarua ziliondolewa. Ubao wa kichwani uliopasuka ulifungwa kwa ukanda wa shaba. Kasha la baharia lilivishwa miguu likawa la chumbani, kisha mjukuu akalitoa miguu tena.

Kati ya mgawo mmoja na mwingine palikuwa na matunzo ya nyumbani, ambayo hayakuhitaji fundi wa jina. Kitanda kilichosukwa kwa ukindu au kwa kamba ya makumbi kilisukwa upya kamba zilipolegea. Shaba ilisuguliwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, hasa Idi ilipokaribia au harusi ilipotangazwa. Mbao zilizokwaruzika zililainishwa kwa majani makavu ya msasa, yenye uso wa kukwaruza, kabla karatasi ya dukani haijachukua kazi hiyo. Kisha zikapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Hakuna aliyeyaita haya uhifadhi. Lakini mbao iliyofutwa hivyo kwa miaka 80 hupata weusi wa ndani na ulaini ambao hakuna kopo la dukani linaloweza kuuiga kwa wiki moja.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kilichokuwa haki na ukombozi kwa wengi kilikuwa pia mwisho wa mapato ya nyumba kubwa. Biashara ikahamia Mombasa na reli yake, Lamu ikabaki pembeni, na Siyu, iliyokuwa imekwisha kushindwa na majeshi ya Zanzibar mwaka 1863, ikaanza kuhamwa. Nani angeagiza kiti cha enzi? Warithi wakabaki na vitu vya thamani bila kipato cha kuvitunza. Vikaanza kuuzwa kimoja kimoja.

Wanunuzi wakawa maofisa wa kikoloni na wake zao. Kasha la Zanzibar likawa zawadi ya kuagia: aliyemaliza utumishi wake Dar es Salaam au Nairobi alirudi Uingereza nalo. Mmoja wa waliolipenda kwa dhati ni Sheila Unwin, Mwingereza aliyeishi Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyekusanya makasha na hatimaye kuyaandikia kitabu kizima, The Arab Chest, kilichotoka mwaka 2006. Zama hizohizo za ukoloni zilieneza mtindo mwingine wa kumalizia mbao, ule wa shelaki. Hii ni gundi inayotolewa na wadudu wadogo juu ya matawi ya miti nchini India na Thailand, ikayeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa pamba iliyofungwa kitambaani, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama pumzi. Ulaya mtindo huo ulienea mwanzoni mwa karne ya 19. Meza za ofisi, makabati ya mahakama na viti vya shule vilipakwa hivyo, na makasha yaliyokuwa yakipanguswa mafuta tu yakaanza kung'arishwa kama meza ya hakimu. Wapo wanaolaani tabaka hilo kuwa si la asili. Mimi silaani. Shelaki hufunguka kwa spiriti hata baada ya miaka 100, kwa hiyo aliyeipaka hakumfungia njia aliyemfuata.

Balaa lilikuja baadaye, na lilikuja kwa njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa kutawanyika. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliangusha utawala wa sultani Zanzibar. Familia nyingi zilikimbilia Oman, Dubai, Uingereza na bara. Nyumba zikataifishwa, na vyombo vikabaki nyuma au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Samani za kasri zilibaki, na mwaka 1994 jengo la Beit al-Sahel lilifanywa makumbusho ya kuzionyesha, pamoja na chumba kilichotengwa kwa Seyyida Salme. Lamu hakukuwa na mapinduzi, lakini katika miaka ya 1970 watalii na wachuuzi wa vitu vya kale waliugundua mji. Milango, vitanda, viti na makasha vilitoka kwa mashua hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi kwenye majumba ya Nairobi na Ulaya. Familia yenye njaa haiwezi kulaumiwa kwa kuuza. Kenya ilitunga sheria ya kulinda vitu vya kale mwaka 1983, na baadaye sheria pana zaidi ya urithi mwaka 2006, lakini wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imekwishaondoka.

Njia ya pili ilikuwa mashine ya msasa na kopo la poliurethani. Huu ndio uharibifu unaoniuma zaidi, kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Mwenye kasha anataka ling'ae. Fundi aliyezoea kazi za haraka anawasha mashine, na kwa saa mbili ule weusi wa miaka 80 unakuwa vumbi sakafuni. Vichwa vya misumari ya shaba vinakwaruzwa na kusawazishwa, kingo za nakshi zinapoteza ukali, na mbao inatoka nyeupe kama iliyokatwa jana. Kisha inapakwa tabaka nene la plastiki lisilofunguka kwa spiriti wala tina. Likianza kubanduka, na katika unyevu wa pwani litabanduka, mara nyingi fundi huliondoa kwa kukwangua tena. Kila mzunguko unakula milimita nyingine ya mbao ambayo haitarudi.

Wakati huohuo, bahati nzuri, kulikuwa na kazi ya kurudisha. Makumbusho ya Lamu yalikusanya samani za mji, na nyumba moja ya karne ya 18 ikapangwa upya kama ilivyokuwa ikikaliwa, yenye vitanda, mikeka na zidaka zake, ili watu wa Lamu wenyewe waione. Usam Ghaidan alichapisha uchunguzi wake wa mji mwaka 1975. Mwaka 1986 ukatoka mpango wa uhifadhi wa Francesco Siravo na Ann Pulver. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Maazimio hayachongi mbao, lakini yaliwapa maseremala wa Lamu soko jipya: nyumba zinazokarabatiwa zilihitaji milango, vitanda na viti, na vijana wakapata sababu ya kukaa karakanani na kujifunza kwa wazee wao nakshi ambazo zingekufa nao.

Ukarabati wa kiti cha enzi ulikuja na swali lake. Njumu zilizodondoka zirudishwe kwa kitu gani? Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi, na mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Tangu hapo jibu la haki ni mfupa, wa ng'ombe au ngamia, uliochemshwa ukatolewa mafuta, ukakaushwa na kukatwa vibamba. Mfupa una vijitundu vidogo ambavyo pembe haina, na jicho la mjuzi litatambua. Vema litambue. Kipande kipya hakina sababu ya kujifanya cha karne ya 18. Miti ya jamii ya mpingo nayo iliongezwa karibu yote katika udhibiti wa CITES kuanzia Januari 2, 2017, kwa hiyo vipande vya viti vilivyovunjika kabisa sasa ni hazina ya karakana.

Mrithi mwenye kasha lililosinyaa ghalani, lenye weusi na harufu ya popo, afanye nini? Kwanza usafi. Mara nyingi kinachoonekana kama mbao iliyoharibika ni moshi wa kibatari, mafuta ya mikono na nta iliyoshika vumbi. Maji kidogo yenye sabuni laini, kitambaa kilichokamuliwa sana, na kukausha hapohapo, hufichua nusu ya uzuri bila kugusa mbao. Kisha lijulikane limepakwa nini. Tone la spiriti chini ya ukingo, mahali pasipoonekana, hutoa jibu: likinata, ni shelaki, lisiponata, jaribu tone la tina, na likilainika ni laka ya kupulizwa. Vikishindwa vyote viwili, ni vanishi ya mafuta au poliurethani, na hapo kazi ni kubwa. Kama ni shelaki, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuilainisha ya zamani kwa spiriti na kuitandaza upya, mikwaruzo ikafumba, rangi ikabaki. Hakuna mashine itakayowashwa.

Wadudu huonekana kwa unga. Matundu makavu yenye kingo nyeusi ni historia. Unga mweupe mpya chini ya kasha asubuhi ni dalili kwamba bado wamo. Hupenda sehemu laini ya nje ya mti, ndiyo maana fundi wa zamani aliikata na kuitupa, na ndiyo maana viraka vya mbao za bei nafuu huliwa kwanza. Dawa hupigwa kwa sindano tundu kwa tundu.

Misumari ya shaba isichomolewe. Msumari uliokaa miaka 120 umeshikana na mbao, na ukitoka tundu halishiki tena. Shaba isafishwe mahali pake kwa pamba, na ndimu ikitumika ioshwe mara moja, kwani asidi ikiingia kwenye nyuzi za mbao huacha doa. Ningeacha kijani kidogo katika mikunjo ya nakshi. Shaba inayong'aa pote kama sufuria jipya huua mchoro wake wenyewe. Maungio yaliyolegea hufunguliwa, husafishwa kwa spiriti kwa sababu mafuta ya msaji hukataa gundi, kisha huunganishwa kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa, ambayo fundi wa mwaka 2100 ataweza kuilegeza kwa joto. Mbao pana ya kifuniko isigandishwe pande zote. Hewa ya Lamu au Unguja ina unyevu mwingi, na kasha likipelekwa katika chumba chenye kiyoyozi, Nairobi au Muscat, mbao hunywea. Isipopata nafasi ya kusogea hupasuka kwa mlio unaosikika chumba cha pili.

Keko, Dar es Salaam, barabara nzima hunukia tina na vumbi la mbao, na huko urithi mwingine unaingia karakanani siku hizi: kabati za mninga na mkongo zilizotengenezwa katika miaka ya 1950 na 1960, zilizonunuliwa na walimu, makarani na wauguzi kwa mshahara wao wa kwanza. Hazina njumu wala shaba. Zina mbao pana za kipande kimoja ambazo leo ni shida kuzipata, na maungio yaliyokatwa kwa mkono. Wajukuu wengi huzibadilisha kwa samani za MDF, ambazo maji yakizigusa huvimba na hazina tiba. Wengine, na wanaongezeka, huzipeleka kwa fundi na kuuliza bei.

Bei hiyo huwashtua, kwa sababu vifaa ni vya fedha ndogo: spiriti, pamba, shelaki, gundi. Wanacholipia ni siku za mtu anayepaka tabaka, anangoja likauke, anapaka jingine. Mteja akikata bei, fundi hukata siku, na siku zikipungua mashine ya msasa huwashwa. Mninga wa bibi mwalimu unastahili ujira ule ambao kasha la Bombay hupewa bila ubishi, na kijana wa Keko anayejua kuifufua shelaki bila kuikwangua anastahili kulipwa kama fundi kamili.